Moja, Tano, Tatu, Sita, Mbili, Nne

Ukipita ile njia ya nyuma pale Lanet, inayokatiza kati ya ploti mpya hadi barabara ya Nairobi, mwaka huu ungemwona Waithera amejipaka grisi hadi viwikoni. Mama wa miaka hamsini na saba, kitambaa kichwani, aproni ya jikoni imepoteza rangi, ameinamia injini ya lori akiisugua kutu kwa brashi ya waya. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, ameketi mumewe, Peterson Muiruri. Mkono wa kulia umelala pajani, wa kushoto unaelekeza. "Hapo. Sio hapo. Hapo." Wapita njia hawakujua wacheke au wahurumie, kwa hiyo wengi walifanya yote mawili wakaenda zao.

Wageni wa mtaa walisema mzee yule aliwahi kuwa fundi wa magari. Kusema hivyo ni kumpunja. Malori ya mahindi kutoka Kitale yalikuwa yakipita gereji nne za Nakuru, wenyewe wamesimama mlangoni wakipunga mikono, ili yafike kwa Muiruri. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, akatega sikio kwenye mpini wake, kisha akakuambia silinda ipi inaumwa. Wala hakuwa mpole. Mwanagenzi aliyeacha nati moja sakafuni aliambiwa arudi kwao akachunge mbuzi.

Tena kulikuwa na sheria ya chai. Injini ya silinda sita haichomi dizeli ovyo. Kila silinda ina zamu yake: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Muiruri aliamini kwamba mtu asiyeweza kuitaja zamu hiyo bila kufikiri hafai kupewa spana. Basi kila saa nne asubuhi mafundi walipanga foleni, vikombe mkononi, na kila mmoja akaitaja kwa sauti. Aliyekosea alikunywa mate yake.

Aliyemimina chai alikuwa Waithera, wakati huo msichana wa Bahati mwenye birika jeusi na ndoo ya mandazi. Alisimama pale akingoja wamalize, asubuhi baada ya asubuhi, hata namba zile zikamkaa kichwani kama wimbo wa kanisani. Siku moja Muiruri mwenyewe, mwenye gereji, akaingia kwenye foleni na kikombe chake. "Moja," akasema, "nne, mbili..." Vijana wakaangua kicheko. Waithera akalirudisha birika nyuma. "Sheria ni sheria," akamwambia. "Wewe huna chai." Jioni ile Muiruri alifunga safari hadi Bahati kuidai chai yake, na kwao Waithera hawakukawia kuelewa ni chai gani anayoitafuta. Hiyo ni miaka thelathini na moja iliyopita. Mpaka leo Waithera husimulia kisa hicho huku akijifanya hajui kwamba mtu alikosea makusudi.

Kisha, Februari ya mwaka jana, Muiruri akiwa chini ya lori, kiharusi kikampiga. Vijana walimvuta miguu wakidhani amesinzia. Alirudi kutoka hospitali mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haumtii, na kwa miezi mitatu hakutamka neno. Waithera alimlisha, alimwogesha, alimwimbia, alimgombeza. Hakuna lililomtoa neno.

Nyuma ya nyumba palikuwa na lori kuukuu la Bedford, ambalo Muiruri alilinunua kwenye mnada wa shamba la ngano kule Rongai akisema atalifufua akistaafu. Lilikaa hapo miaka kumi na mmoja. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Tabby, binti yao anayefanya kazi Kisumu, alipiga simu akasema, "Mum, si muuze hiyo scrap, hata ni hatari, nyoka wanaweza ingia." Waithera akawaita watu wa vyuma chakavu. Walikuja na nyundo zao na mizani, na yule wa kwanza alipoinua nyundo, sauti nzito ikatoka kwenye kiti cha plastiki.

"Wacha."

Neno moja tu. Waithera aliwafukuza wale watu kwa furaha kubwa hata mmoja akasahau nyundo yake. Nyundo hiyo ndiyo waliyoanzia kazi.

Jerry alikuja na vijana kuitoa injini kwa mnyororo na kuiweka juu ya magogo. Jerry alikuwa mwanagenzi wa Muiruri tangu ana miaka kumi na tisa. Sasa amepita arobaini na ndiye anayeiendesha gereji. Alimtazama mwalimu wake kwenye kile kiti, akaitazama ile injini iliyokuwa nyekundu kwa kutu. "Mzee," akasema, "kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Uiwashe hii, na Jumatatu yake unarudi kazini. Utakaa kwa kiti tu, vijana watashika spana. Gari haitoki gate kama hujasema itoke."

Labda Jerry alisema vile kumtia moyo tu. Lakini Muiruri hakuwa mtu wa kuambiwa jambo likapita. Kuanzia kesho yake alitaka kunyolewa ndevu kila asubuhi.

Pistoni zilikuwa zimegandamana na kuta za silinda. Walizimwagia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki wakangoja siku tisa, Waithera akigonga kila siku kwa kipande cha mbao na ile nyundo ya wenyewe. Siku ya tisa ile pistoni ya tatu ikasogea, unene wa ukucha tu, na Muiruri akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Waithera aliingia jikoni akalia, kisha akatoka akaendelea kugonga. Kidogo kidogo maneno nayo yakarudi: spana, gaskiti, pumbavu, pole. Wakabadilisha slivu za ndani ya silinda, wakapeleka krenki, ule mhimili wa injini, kuchongwa, wakaosha kila bolti kwa mafuta ya taa. Naweza kusema walikuwa na furaha, na nisingedanganya.

Kasoro zilianza kama mzaha. Muiruri alimwagiza mkewe spana aliyoishika mwenyewe, wakacheka wote wawili. Alimwita Jerry kwa jina la fundi aliyekwisha kufa. Halafu ikaja siku ya kukaza bolti za kichwa cha injini. Kila mtu aliyewahi hata kuuza mandazi kwenye gereji anajua kwamba bolti zile hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, maana Muiruri mwenyewe aliwapigia vijana kelele juu ya jambo hilo miaka nenda miaka rudi. Siku hiyo akasema, "Anzia mwisho." Waithera akaanzia mwisho. Mzee aliposinzia, akazilegeza zote, akazikaza upya kutoka katikati. Amechoka, alijiambia. Mtu yeyote huchoka.

Kwa nini hakumwambia? Wewe msomaji una haki ya kuuliza, lakini hukuwepo siku ile mchungaji alipokuja kumwombea, Muiruri akakwama katikati ya sentensi, na mchungaji kwa wema wake akaimalizia. Mzee alikaa siku nne bila kugusa chakula. Hata kabla ya ugonjwa Waithera hakuwahi kumsahihisha mbele za watu. Baada ya ugonjwa aliacha kumsahihisha hata wakiwa wawili. Aliita hiyo heshima, na sehemu yake kubwa ilikuwa heshima kweli. Iliyobaki ilikuwa woga.

Ndipo likatokea la Kipchirchir. Huyu ni jirani, husafirisha kabeji kwa lori lake dogo. Alisimama kwenye ua asubuhi moja, akamsalimu mzee, akasema pedali ya breki inaingia ndani kama godoro. Waithera alikuwa ndani akichuja maziwa. Hakusikia jibu.

Siku ya tatu Kipchirchir alikuja kwa miguu, shavu limechanwachanwa na katani. Alimwita Waithera langoni, akashusha sauti. "Mathe, mimi sitaki kumkosea mzee. Lakini breki zilikataa kabisa hapo Mbaruk. Niliona ni heri niingie kwa fence ya makonge kuliko nigonge watoto wa shule."

"Pole sana, Kipchirchir. Ulikuwa umeongeza mafuta ya breki?"

"Si mzee aliniambia maji." Akakuna kichwa, kana kwamba kosa ni lake. "Alisema niweke maji, yafike kwa mstari. Nikafikiria ni ujanja wa mafundi wa kitambo. Nani anaweza bishana na Muiruri?"

Waithera alishika chuma cha lango. Alimwomba Kipchirchir asimwambie mtu, na Kipchirchir, mtu wa watu, akakubali. Chakula cha mchana kilipofika, Waithera akataja kwa mbali kwamba jirani alipata ajali, inasemekana alitia maji kwenye breki. Muiruri akaweka kijiko chini kwa hasira.

"Mjinga gani alimwambia maji?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wahenga walivyosema. Waithera aliijua methali hiyo vizuri, aliwahi hata kuwatolea wenzake kwenye kikundi cha akina mama. Ni rahisi kuitoa ikiwa maradhi ni ya mtu mwingine.

Ijumaa moja wakafika kwenye mabomba ya dizeli, kazi ya mwisho. Pampu ya injini ile ni ya duara, ina matundu sita, na kila tundu hutema dizeli kwa zamu yake. Mabomba ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu, wakanunua mapya yaliyonyooka, ya kupindwa kwa mkono hadi yafike kunakotakiwa. Muiruri alinyoosha kidole cha kushoto.

"Tundu la kwanza. Silinda moja."

Waithera akafunga.

"La pili. Nne."

Mkono wake ukasimama. "Nne, Baba Tabby?"

"Nne. Umeziba maskio?"

Akafunga nne. Kisha mbili, sita, tatu, tano, kila namba ikitamkwa kwa ile sauti ya zamani isiyobishiwa. Alipomaliza, mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa muite Jerry. Waje Jumatano."

Kwa siku mbili Waithera hakuonja ladha ya chakula. Akiyaacha mabomba vile yalivyo, Jumatano injini ingepiga mateke na kutoa moshi bila kuwaka, mbele ya vijana wote aliowafundisha mzee, na mumewe angefia kwenye kile kiti akiwa macho. Akiyapanga sawasawa, ingewaka. Ikiwaka, Jumatatu angepewa kiti cha gereji. Gari haitoki gate kama hujasema itoke. Malori yale hushuka mteremko wa Salgaa na tani ishirini na nane mgongoni. Nani angesimama nyuma ya Muiruri huko gerejini na kulegeza kila alichokaza?

Jumapili alisema kichwa kinamuuma. Majirani wakampeleka mzee kanisani. Lango lilipofungwa tu, Waithera akachukua spana. La moja na la sita yalikuwa mahali pake, manne ndiyo yaliyokosa njia. Akayafungua, akayapinda upya, la nne likaenda tano, la mbili likaenda tatu, na hivyo hivyo kinyume chake. Spana iliteleza ikamchubua kifundo cha kidole hadi nyama. Alisema namba zile kwa sauti akifunga, na kilio kikawa kinaingia kati ya namba na namba. Kisha akapangusa dizeli yote, akajifunga kidole kwa kitambaa, na mengine akamwachia Mungu. Mungu naye, kama kawaida yake, akamrudishia.

"Umeumia wapi?" Muiruri aliuliza aliporudi.

"Nilikuwa namenya viazi."

Jumatano saa nane wakaja saba, Jerry na vijana sita, na betri mbili. Walifunga saileza kuukuu ili majirani wasilalamike, wakaweka pipa la maji badala ya rejeta. Waithera alipika chai kwenye birika lile lile jeusi, maana Jerry alisema siku kama hiyo haifai chupa ya dukani. Muiruri alikuwa amevaa koti la kazi lenye jina la gereji, ndevu zimenyolewa, amekaa wima. Jerry akainua simu arekodi.

"Sema, mzee."

"Washa."

Injini iligeuka mara moja, mbili, ikakohoa moshi mweupe, ikatulia. Akageuza tena. Safari hii ikadaka, ikatetemesha magogo, kuku wakatawanyika, na punde ikatulia ikawa inanguruma sawasawa. Vijana walikumbatiana. Mmoja alipiga goti mbele ya kile kiti akashika mguu wa mzee. Muiruri alifumba macho akisikiliza, machozi yakishuka kwenye shavu moja, na Waithera akajikuta anatamani siku ikatike hapo hapo, isiongezwe hata dakika.

"Jumatatu asubuhi natuma gari ikuchukue," Jerry alisema. "Na kuna trela tatu za kwenda Malaba zinangoja. Wewe ndio utaziangalia."

"Nitaziangalia," Muiruri akasema.

Vijana wakachukua vikombe. Jerry, kwa kuchangamka, akapiga kelele kwamba sheria ya chai haijafutwa, na wote wakajipanga foleni kama zamani, watu wazima wenye watoto, wakaitaja zamu mmoja baada ya mwingine. Waithera akawamiminia. Mwishowe Jerry akasukuma kiti cha mzee hadi mbele ya birika, akamtia kikombe kwenye mkono wa kushoto. "Na mkubwa pia!"

Angeweza kumimina tu. Ilikuwa ni kuinamisha mkono, basi. Kila mtu angecheka, mzee angekunywa, na Jumatatu gari lingekuja. Waithera aliona akilini shavu la Kipchirchir. Akapiga moyo konde, akalirudisha birika nyuma kama alivyolirudisha akiwa msichana.

"Sheria ni sheria," akasema. "Itaje, Baba Tabby."

Muiruri akatabasamu. "Moja," akasema, "nne, mbili..."

Kicheko kikalipuka. Kisa kile walikijua wote, walikisikia kila Krismasi, na Jerry akamgusa Waithera bega akisema mzee bado anamtongoza. Waithera hakucheka. Birika lilikuwa zito na hakulishusha.

"Itaje vizuri," akasema. "Tafadhali."

Tabasamu la Muiruri likapungua. Alitazama kikombe. "Moja." Akanyamaza. "Moja, nne." Akaanza tena, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. "Moja. Nne." Hakuna aliyecheka mara hii. Jerry akashusha simu. Nyuma yao injini ilikuwa ikiitaja ile zamu yenyewe, bila kukosea, mara mia kadhaa kwa dakika.

Mzee akageuza shingo akaiangalia. Macho yake yakafuata bomba moja moja kutoka kwenye pampu hadi kwenye silinda, midomo ikihesabu. Kisha yakarudi kwenye mkono ulioshika birika, yakakaa kwenye kile kidole kilichofungwa kitambaa.

"Mabomba uliyapanga wewe."

"Manne tu, Baba Tabby."

Jerry alifungua kinywa aseme neno la kupooza mambo, Waithera akamkanya kwa macho.

"Na Kipchirchir," Muiruri akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuna kijana wake aliyewahi kuisikia. "Maji. Ni mimi?"

Alitamani aseme hapana, na alimpenda kiasi cha kusema hapana.

"Ni wewe."

Muiruri akatikisa kichwa mara moja, vile alivyokuwa akifanya anapoambiwa kipuri fulani hakirekebishiki. "Jerry," akasema, "Jumatatu usilete gari."

"Sawa, mzee."

Akakiinua kikombe kwa mkono wa kushoto, akakishika mbele ya mkewe. Hakusema namba yoyote. Waithera akakijaza chai mpaka juu.